Mwajiri mdogo mbele ya mkaguzi wa usalama

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya ya mwaka 2007 haimwulizi mwajiri ana mtaji kiasi gani. Mwenye karakana ya watu sita pale Kariobangi Light Industries, Nairobi, na mwenye kiwanda cha watu 600 kando ya Barabara ya Enterprise wanatakiwa wote wawili kusajili mahali pao pa kazi na kumwita mshauri aliyeidhinishwa awafanyie ukaguzi wa usalama na afya angalau mara moja kila miezi 12. Wanaoona kwamba ndivyo inavyopaswa kuwa wana hoja nzito: kisu cha mashine ya kukata mabati hakipungui ukali kwa sababu mwenye mashine ana deni benki, na kwa kuwa zaidi ya asilimia 80 ya wafanyakazi nchini, ukiwaacha wakulima wadogo, wako katika jua kali, yaani sekta isiyo rasmi, kuwasamehe wadogo kungekuwa kama kuifuta sheria kwa walio wengi.

Hata hivyo, mwajiri mdogo anapolalamika husikika kama mtu anayeomba ruhusa ya kuwaumiza watu, ilhali lalamiko lake, ukilisikiliza hadi mwisho, mara nyingi linahusu jambo lipi linaulizwa kwanza. Mkaguzi akiingia na kuanza na faili, akitaka cheti cha usajili, ripoti ya ukaguzi wa mwaka na rejista ya ajali, basi mwenye karakana ambaye fedha zake zinatosha jambo moja tu atamlipa mshauri, na msumeno utaendelea kuzunguka bila kinga hadi mwaka ujao. Ameitii sheria kwa namna alivyoona ikisimamiwa.

Linalonisumbua zaidi ni kizingiti cha watu 20, idadi ambayo mahali pa kazi pakiifikia sharti pawe na kamati ya usalama yenye wawakilishi wa mwajiri na wa wafanyakazi. Sheria inawahesabu wanaoajiriwa kwa kawaida. Je, mwajiri mwenye watu 15 wa mshahara wa mwezi na vibarua 10 wanaochaguliwa langoni kila asubuhi ana watu wangapi? Akihesabu kwa daftari la mishahara, kamati haimhusu; akihesabu walio mbele ya mashine saa nne asubuhi, inamhusu. Hapa siwezi kumtetea anayehesabu kwa daftari, kwa sababu wajibu wa msingi katika sheria hiyo unamgusa kila anayefanya kazi mahali pale, na kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007 nacho kinamhesabu kibarua kama mwajiriwa wa mwezi pindi siku zake za mfululizo zinapotimia mwezi mmoja. Lakini woga unaomsukuma kujificha nyuma ya daftari nauelewa. Kumwandika mtu wa 20 kunaleta kwa mkupuo kamati, mikutano na mafunzo ya wanakamati, mambo ambayo kiwanda kikubwa kina ofisi nzima ya kuyashughulikia. Adhabu nayo haipimi ukubwa: faini ya hadi shilingi 500,000 kwa kukiuka wajibu wa msingi, au kifungo cha hadi miezi sita, au vyote viwili, kwa kiwanda kikubwa ni hasara ya kuvumilika, na kwa karakana ni kufunga mlango.

Wapo wanaopendekeza wadogo waondolewe kabisa katika ukaguzi wa kila mwaka. Sikubaliani nao, kwa maana hatari iliyo karakanani itabaki palepale, ila sasa bila mtu wa kuiandika. Mkaguzi tayari ana mamlaka ya kutoa ilani ya kurekebisha kasoro kwa muda maalumu, na ya kusimamisha kazi palipo na hatari kubwa. Akianza ziara yake kwenye msumeno, akatoa wiki kadhaa za kuweka kinga, kisha ndipo akalifungua faili, fedha ile ndogo itakwenda kwenye mashine. Hilo halihitaji mswada bungeni. Linahitaji wakaguzi wa kutosha kurudi mara ya pili kuangalia kama kinga imewekwa, na gharama ya ziara hiyo ya pili ni ya serikali, si ya mwajiri.