Kuficha safu si kumficha mgonjwa

Kituo cha afya kinapohamisha rejista ya wagonjwa kutoka daftarini kwenda kwenye kanzidata, iwe Wete au Makunduchi, jambo zito la kuamua ni nani aone nini. Jedwali moja hubeba jina, shehia (eneo dogo la utawala linaloongozwa na sheha), mwaka wa kuzaliwa, malipo na majibu ya vipimo, kila kimoja katika safu yake ya wima. Karani wa mapokezi anahitaji matatu ya mwanzo. Majibu ya kipimo cha VVU hayamhusu hata kidogo, khasa visiwani kwetu, ambako karani na mgonjwa huenda wakawa majirani au jamaa.

Dawa iliyozoeleka ni mwonekano: ulizo la SQL, lugha ya kuulizia kanzidata, lililopewa jina na kuhifadhiwa, likitoa safu zilizochaguliwa tu. Karani hupewa ruhusa ya kusoma mwonekano, jedwali lenyewe akanyimwa. Safu zikiandikwa kwa majina, mkaguzi huziona papo hapo, na safu mpya ikiongezwa kesho kwenye jedwali haimfikii karani.

Wapo wanaosema huu ni mzunguko wa bure, ruhusa itolewe kwenye safu zenyewe. PostgreSQL, programu ya kuendesha kanzidata, inakubali hivyo tangu toleo la 8.4 la mwaka 2009, na mwenzake MySQL pia. Hoja yao ina nguvu, kwa sababu hakuna kitu cha ziada cha kutunza. Lakini kwenye PostgreSQL programu inayoomba kila safu kwa SELECT * itakataliwa. Tena mtu aliyekwisha kupewa jedwali zima, ukimwondolea ruhusa ya safu moja, ataendelea kuisoma kama jana. Hilo huwapita wengi.

Mwonekano nao una mitego. Katika PostgreSQL kwa kawaida husoma jedwali kwa ruhusa ya mmiliki wa mwonekano, wala si ya karani. Ndiyo maana unafanya kazi. Lakini pia mwonekano mwepesi wa jedwali moja huandikika, yaani jedwali hubadilishwa kupitia kwake, na msimamizi mwenye haraka akitoa GRANT ALL, ruhusa zote kwa pamoja, karani asiyeweza kuyaona majibu ya vipimo ataweza kufuta mstari mzima pamoja na majibu hayo. Itolewe SELECT, ruhusa ya kusoma, peke yake.

Linalonisumbua zaidi ni mtafiti anayepewa data isiyo na majina: shehia, jinsia, mwaka wa kuzaliwa, majibu. Dar es Salaam huenda ikatosha. Je, Kojani au Kisiwa Panza, visiwa vidogo vya Pemba, wanawake waliozaliwa 1951 ni wangapi? Sheha atawataja bila kufungua daftari. Jina limefichwa, mgonjwa yuko wazi.

Hapa ndipo ninapoegemea upande wa mwonekano bila kusita. Ruhusa ya safu inajua kutoa au kuzuia tu. Mwonekano unaweza kugeuza shehia kuwa wilaya, kukusanya miaka ya kuzaliwa kwa makundi ya miaka kumi kumi, na kuhesabu watu badala ya kuwaorodhesha. Na kundi likiwa na watu wachache mno, lisitoke kabisa.