Safari ya Porini Iliyoishia Uani

Shemeji yangu amesoma na kutazama karibu kila kitu kinachohusu kuendesha gari nje ya barabara, na kasoro yake ni moja tu: hajawahi kutoka nje ya barabara. Kwa hiyo niliponunua pikapu kuukuu ya foo-wili, yaani inayoweza kusukumwa na magurudumu yote manne, na kutamka mezani kwamba ningependa kuijaribu porini mwishoni mwa juma, alijiteua papo hapo kuwa mkuu wa msafara, akahamia kwetu na begi lake, na kutangaza kuwa safari ya namna hiyo hufaulu au hufeli kabla injini haijawashwa.

Haki ya mtu apewe: karibu yote aliyoyasema yalikuwa ya kweli. Alianza na matairi. Alieleza kwamba tairi lenye upepo wa psi 35, ambao unafaa kwenye lami, hukanyaga eneo dogo na kuichimba ardhi laini, ilhali likipunguzwa hadi psi 18 hivi hulala, likarefuka na kuusambaza uzito wa gari, hivyo likapita juu ya mchanga au tope bila kuzama. Akaongeza, kwa sauti ya mtu anayesoma wosia, kuwa ukishapunguza upepo hutakiwi kukimbia wala kukata kona kwa ghafla, maana tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu. Nilipopendekeza tupunguze upepo tukifika huko huko porini, alinitazama kwa huruma.

"Shemeji," akasema, "porini si mahali pa kujifunzia."

Tukaupunguza jioni ile ile, pale uani.

Kisha ikaja zamu ya vidole gumba. Dereva wa nje ya barabara hafungi dole gumba ndani ya usukani, kwa sababu gurudumu la mbele likigonga jiwe au kisiki usukani hujizungusha kwa nguvu, na ule mkono wake wa katikati unaweza kukivunja kidole. Niliketishwa ndani ya gari lililozimwa, nikashika usukani kwa viganja, madole gumba yakiwa yamesimama, nikawa ninakata kona za kufikirika. Wanangu waliokuwa wakichungulia dirishani walidhani ninawapongeza, nao wakanirudishia dole. Tuliendelea kupongezana hivyo kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

Lakini kazi iliyotutoa jasho hasa ilikuwa ni kupanga mizigo. Pikapu tupu ni nyepesi nyuma, na magurudumu yasiyo na uzito juu yake huzunguka bure kwenye utelezi. Wakati huohuo, mzigo ukilundikwa nyuma ya ekseli, pua ya gari huinuka na usukani hupoteza utii. Dawa yake ni kulaza vizito sakafuni mwa bodi, mbele, vikiegemea kabini. Tulikuwa na madumu ya maji ya lita 20, ambayo kila moja lina kilo 20 kabla hujalihesabu dumu lenyewe, lakini yaliyoshinda kwa uzito ni masanduku ya vifaa vya kujinasulia: beleshi, jeki ndefu, ubao mnene wa kuiweka juu yake ili isididimie, vyuma vya kutandika mbele ya matairi, kamba ya kuvutia na pingu zake. Kanuni ni kanuni. Vifaa hivyo ndivyo vilivyotangulia kuingia, na juu yake yakafuata madumu, hema, magodoro, viti vya kukunja na kila kitu ambacho mke wangu alikuwa akitafuta njia ya kukiondoa nyumbani. Turubai likafunika vyote, na shemeji akalikaza kwa fundo ambalo, kwa maneno yake mwenyewe, likilowa haliachii kamwe.

Ili mwizi asipate nafasi ya kushusha mlango wa nyuma, gari lilirudishwa kinyumenyume hadi mlango huo ukagusana na ukuta wa ua. Hatimaye akaagiza lioshwe tumbo, kwa hoja kwamba chini kukiwa safi, oili ikivuja usiku tutaona asubuhi imetokea wapi. Hoja hiyo nayo ilikuwa nzuri. Tulikuwa tumefika kwenye difu la nyuma, lile boksi la gia lililo katikati ya ekseli, maji yalipokatika. Tukaungoja mpira utoe chochote, haukutoa, tukauacha pale pale chini ya gari na kwenda kulala, na katika watu wazima wote wa nyumba ile hakuna aliyekumbuka kufunga bomba. Maji yalirudi usiku, kwa nguvu zake zote.

Asubuhi hapakuwa na tone la oili ardhini. Palikuwa na bwawa.

Upande ule wa ua ulikuwa wa kifusi kilichomwagwa kuziba shimo la zamani, na kifusi kikishiba maji hakichagui gari. Hata hivyo shemeji alifurahi waziwazi. Alisema tumeletewa mazoezi mlangoni. Alisimama mbele ya gari kuniongoza kwa ishara za mikono: kiganja kikipunga ni njoo, ngumi ikiinuliwa ni simama. Nikaiweka foo-wili kwenye gia nzito, kitaa chake kikawaka kwenye dashibodi, nikaachia klachi taratibu, madole gumba yakiwa yamesimama kama nilivyofundishwa. Gari lilisogea kiasi cha unyayo mmoja, likatikisika, kisha likaanza kushuka. Kanuni inasema magurudumu yakianza kuzunguka bure uondoe mguu mara moja, kwa kuwa kila mzunguko unachimba kaburi. Nilitaka kuitii, lakini mkuu wa msafara alikuwa bado ananipungia kiganja kwa bidii, na alipokuja kuinua ngumi, difu la nyuma lilikuwa limekwisha kukaa juu ya udongo na magurudumu yananing'inia kwenye mashimo yaliyoyachimba yenyewe.

"Vizuri sana," akasema. "Hapa sasa ndipo beleshi linapohitajika."

Kimya kilichofuata kilikuwa cha kila mtu kukumbuka beleshi lilipo. Mlango wa nyuma haukuweza kushuka kwa sababu ya ukuta, na tope lilikuwa limeruka hadi kwenye turubai na kuyalowesha mafundo, ambayo yalitimiza ahadi yao bila upungufu. Nilipendekeza kisu. Shemeji akasema kamba ile ni mali ya msafara, akayashughulikia kwa kucha, kwa meno, na mwisho kwa kisu. Ndipo tukapanga mstari, tukawa tunapokezana mizigo juu ya ubavu wa bodi: viti, magodoro, hema, madumu. Mke wangu alitoka jikoni, akatazama vyombo vyake vikirudi kimoja baada ya kingine, akauliza, "Kaka, mnaondoka au ndiyo mnarudi?"

Tulipolifikia beleshi tulichimba mbele ya matairi, tukatandika vyuma, na mtu mmoja akashauri tufunge kamba kwenye ile gololi ya kuvutia tela, ushauri uliopigwa marufuku hapohapo, kwa kuwa gololi hiyo haikuundwa kwa kunasulia gari na ikikatika huruka kwa kasi ya kuua. Nikajaribu tena, na tena magurudumu ya nyuma yakatapika tope hadi ukutani. Shemeji alikuwa akihubiri kwamba huenda pembe ya vyuma haiko sawa, ndipo mwanangu mdogo, aliyekuwa amechuchumaa pembeni mwa bampa na kuangalia mambo kwa utulivu, akauliza:

"Mjomba, mbona haya ya mbele yenyewe hayazunguki?"

Pikapu za aina ile huwa na habu za mbele, yaani vitovu vya magurudumu, zenye kitasa cha kuzungushwa kwa mkono. Kikiwa upande wa kuachia, unaweza kuingiza gia ya foo-wili mpaka jioni na kitaa kitawaka, kwa sababu kitaa hutazama gia wala hakijui habari za magurudumu, na nguvu yote ya mbele itaishia kwenye shafti zinazozunguka bure. Usiku uliotangulia mkuu wetu alikuwa ameziweka habu zote mbili upande wa kuachia ili tusipoteze mafuta barabarani, jambo ambalo ni sahihi kabisa, na hakulitaja tena. Sasa aliinama akazifunga kwa vidole viwili, akajifuta mikono na kusema kwamba huo ulikuwa mtihani na mtoto amefaulu.

Gari lilitoka bila hata kunguruma. Lilipanda vyuma, likapita langoni na kusimama kwenye lami kama lililokuwa halina tatizo tangu mwanzo. Kwa furaha tukapakia kila kitu upya, na shemeji, ambaye sasa hakuna angemzuia, akashika usukani akazunguka mduara wa ushindi palepale mbele ya nyumba, kisha mwingine. Katikati ya mduara wa pili matairi yalianza kulia na usukani ukawa mzito. Magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma gari linapokata kona. Kwenye tope tofauti hiyo humalizwa na utelezi, lakini kwenye lami haina pa kutokea, hivyo shafti na gia hujikaza zenyewe kwa zenyewe. Alisimamisha gari, akashika mti wa gia ya foo-wili, akauvuta kwa mkono mmoja, kwa miwili, kwa mguu mmoja ukiwa kwenye dashibodi. Haukutikisika.

Dawa ya hali hiyo inajulikana, naye aliijua kwa moyo: ni kurudi nyuma kwa mstari ulionyooka, mita chache, hadi mkazo uachie. Akarudi mita chache. Haukuachia. Akarudi nyingine, akiwa ameukazia macho mti wa gia tu, akapita langoni, na magurudumu yalipogusa utelezi mkazo ukaachia wote kwa pamoja kama alivyoahidi. Kwa shangwe akautoa mti ule kwenye foo-wili, gari likabaki linasukumwa na magurudumu mawili ya nyuma, na magurudumu mawili ya nyuma yakarudi kwenye mashimo yao.

Jirani yetu alipita wakati huo. Aliitazama pikapu iliyopakwa tope hadi madirishani, akatutazama na sisi tulivyokuwa, akaweka mkono kifuani na kusema kwa heshima, "Poleni na safari."

"Tumeshapoa," akaitikia shemeji bila kupepesa, kisha akamwomba beleshi, kwa kuwa la kwetu lilikuwa limekwisha kulazwa sakafuni mwa bodi, mbele, likiegemea kabini.