Msiwatafsiri Orka, Wapunguzieni Kelele

Mwekee mtu rekodi ya sauti za orka na hata dakika haijaisha atakuuliza: "Sasa hapo wanasema nini?" Siku hizi swali hilo limepata mashabiki wapya kwa sababu ya akili mnemba. Mwaka 2025 Google ilitangaza DolphinGemma, modeli iliyofunzwa kwa sauti za pomboo wa Bahamas, na mitandaoni watu wakawa kama wanaosubiri kamusi itoke kiwandani. Mimi siisubiri. Wanasayansi wamewasikiliza orka wa pwani ya magharibi ya Kanada na Marekani kwa karibu nusu karne, na walichokipata kinanitosha: sauti hizo, kabla ya lolote jingine, zinatangaza nani ni nani.

Orka, au nyangumi muuaji kama wengi tulivyozoea kumwita, ndiye mkubwa kuliko wote katika jamii ya pomboo. Hutoa sauti za namna tatu. Kuna vimlio vifupi vya haraka anavyovirusha mbele kisha akasikiliza mwangwi, ili ajue kuna nini ndani ya maji yenye giza. Kuna miluzi, ambayo husikika zaidi wanapokuwa karibu karibu wakichezeana. Halafu kuna miito, mikali na yenye kukwaruza, kila mmoja una umbo lake ambalo halibadiliki ovyo. Hiyo miito ndiyo iliyomnasa John Ford, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha British Columbia mwishoni mwa miaka ya 1970.

Ford alikuta njia imeshafyekwa. Michael Bigg na wenzake walikuwa wameanza kuwapiga picha orka na kumtambua kila mmoja kwa umbo la pezi lake la mgongoni na makovu yake. Kwa hiyo Ford alipotumbukiza maikrofoni baharini, alijua ni akina nani waliokuwa chini ya boti. Bila hilo angebaki na kanda za makelele.

Akagundua kwamba kila kundi lina miito yake maalumu, kati ya 7 na 17. Makundi mengine yana miito ya pamoja, ila kila moja huitoa kwa namna yake. Mengine hayana hata mmoja wa pamoja, ijapokuwa yanaogelea katika maji yale yale na hukutana mara kwa mara. Makundi yenye miito ya pamoja aliyahesabu kuwa ukoo mmoja. Orka wala samaki, yaani wale ambao chakula chao ni samaki, wa upande wa kaskazini wana koo tatu, A, G na R. Wale wa kusini, yaani makundi J, K na L, ni ukoo mmoja tu.

Miito hiyo hawazaliwi nayo. Ndama huiokota kwa mama na ndugu wa upande wa mama, na kwa orka hawa mtoto, awe dume awe jike, haondoki kwa mama yake maisha yote. Kundi likigawanyika, matamshi nayo huanza kuachana polepole. Mtu wa pwani yetu hana haja ya kuelezwa sana hapa: mtu akifungua kinywa tu umeshajua huyu ni wa Lamu na yule ni wa Pemba, hata kabla hujashika anachosema.

Hata katika kuoana (mniwie radhi kwa neno hilo) lahaja ina kazi yake. Vipimo vya vinasaba vilivyofanywa na Lance Barrett-Lennard vilionyesha kuwa majike wa kaskazini huzaa na madume wa makundi mengine, mara nyingi wa ukoo mwingine kabisa. Dume huja, kisha hurudi kwa mama yake. Inaelekea sauti ndiyo inayowaonya kwamba fulani ni ndugu wa karibu mno.

Lakini kinachonifanya nishikilie msimamo wangu ni kisa cha Springer. Januari 2002 alionekana ndama wa orka peke yake katika Puget Sound, karibu na Seattle, kwenye njia ya vivuko. Hakuwa ametimiza hata miaka miwili. Alikuwa amekonda, ngozi imeharibika, na alizoea kuzikaribia boti kuliko inavyompasa mnyama wa mwituni. Hakukuwa na orka mwingine karibu naye. Wataalamu wakashusha maikrofoni wakamsikiliza. Miito yake haikuwa ya J, wala K, wala L, wenyeji wa maji yale. Ilikuwa ya kundi A4, la kaskazini kabisa mwa Kisiwa cha Vancouver, mamia ya kilomita kutoka pale. Kwa picha na kumbukumbu za koo akatambulika: ni A73, ambaye mama yake alikuwa ametoweka.

Juni wakamkamata na kumtibu. Julai wakampakia kwenye boti iendayo kasi hadi Kisiwa cha Hanson, ambako watu wa taifa la 'Namgis, wenyeji wa eneo hilo, walikuwa wamemvulia samoni na kumwekea hai ndani ya kizimba cha wavu. Jamaa zake wakapita karibu, wakaitana. Kesho yake wavu ukafunguliwa. Hakujiunga nao papo hapo, ila baada ya muda mfupi alikuwa akiogelea na ndugu wa upande wa mama yake. Mwaka 2013 akaonekana na ndama wake mwenyewe, na mwaka 2017 na wa pili.

Katika shughuli yote ile hakuna aliyejua Springer alikuwa akisema nini. Hakuna aliyehitaji kujua.

Sili wa pwani ile walishatutangulia katika elimu hii. Baharini mwao wanapita orka wa aina mbili: wala samaki, ambao sili hawana haja ya kuwaogopa, na wale waitwao orka wa Bigg, ambao chakula chao ni sili na pomboo wengine. Volker Deecke na wenzake walicheza rekodi chini ya maji wakawatazama sili. Ikipigwa sauti ya wala nyama, sili wanatoweka. Ikipigwa ya wala samaki wa pale pale, wala hawajali. Ikipigwa ya wala samaki wa mbali, wasiowajua, wanatoweka vile vile. Mgeni ni mgeni. Heri kukimbia kwanza. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2002 katika jarida la Nature, na sijasoma jaribio jingine la sauti za wanyama lililonifurahisha kiasi hicho.

Orka wa Bigg nao wanajua kuwa wanasikilizwa. Wakiwinda hunyamaza, hata vile vimlio vya mwangwi wanavitumia kwa ubahili mkubwa. Wakishaua ndipo wanapoanza kupiga kelele. Wala samaki hawana hofu hiyo kwa sababu samoni hasikii vizuri sauti za juu.

Sasa tuje kwenye jambo linaloniudhi. Orka wa kusini wamebaki sabini na kitu tu. Marekani iliwaweka katika orodha ya viumbe walio hatarini mwaka 2005, na miongoni mwa sababu zinazotajwa ni uhaba wa samoni wa Chinook, sumu zilizomo baharini na kelele za vyombo. Mlango wa bahari wa Haro, wanakopenda kupita, ndiyo njia ya meli kubwa ziendazo Vancouver. Marla Holt na wenzake walipima wakakuta kwamba kelele ikipanda kwa desibeli 1, orka nao hupandisha sauti zao kwa desibeli 1. Wanapigiana kelele kama watu walio ndani ya kiwanda. Na kelele hiyo hiyo inafunika mwangwi wanaoutegemea kumpata samaki ambaye tayari ni adimu. (Waliowahi kuona boti zinavyowazonga pomboo pale Kizimkazi wanajua kuwa ugonjwa huu hauko Kanada peke yake.)

Siipingi kompyuta. Ile inayosikiliza maikrofoni usiku kucha na kutoa taarifa orka wakipita, ili nahodha apunguze mwendo, ina faida ya wazi, nayo haitafsiri chochote. Ninachokataa ni hii hamu ya kuongea nao wakati hatujajifunza kunyamaza mbele yao. Tena wanadamu tuna deni hapa. Katika miaka ya 1960 na 1970 ndama wa orka hao hao wa kusini walikamatwa na kuuzwa kwenye mabwawa ya maonyesho. Tokitae alichukuliwa mwaka 1970 akaishi kwenye bwawa la Miami hadi alipokufa Agosti 2023, na waliomrekodi walisema bado alikuwa akitoa miito ya kundi L. Zaidi ya miaka 50, na tangu Hugo, orka mwenzake wa bwawa lile, alipokufa mwaka 1980, bila orka wa kumwitikia.

Hatua zipo. Tangu Januari 2025 sheria ya jimbo la Washington inazitaka boti zikae yadi 1,000 mbali na orka wa kusini. Upande wa meli kubwa, bandari ya Vancouver ilianza mwaka 2017 kuziomba zipunguze mwendo katika Mlango wa Haro hadi noti 11 (maili 11 za baharini kwa saa), na kelele chini ya maji zikapungua. Nyingi zinaitikia. Ila mpango wenyewe ni wa hiari, na ni wa msimu tu. Mimi ningeufanya sheria, tena ya mwaka mzima, kabla sijatoa hata senti moja kwa mradi wa kamusi ya orka.