Kimoja kimoja au vyote kwa mpigo: viwanda vya chipu vinapohama kizazi

Muuzaji wa simu Kariakoo akikwambia "hii ni nanomita 4", anakutajia jina la kizazi cha uzalishaji, si kipimo cha sehemu fulani ya chipu. La kuuliza ni kiwanda kilifikaje huko: kwa kubadili kitu kimoja kimoja, au vyote kwa mpigo?

Adui ni kasoro. Tuseme teknolojia bado changa, sahani ya silikoni inayokatwa kuwa chipu ina wastani wa kasoro 0.5 kwa kila sentimita mraba. Chipu ya simu ya milimita mraba 100 hutoka nzima kama 6 katika 10. Chipu ya seva ya milimita mraba 400? Hazifiki 14 katika 100. Ndiyo maana chipu ndogo za simu hutangulia, kubwa husubiri kasoro zishuke.

TSMC, kampuni ya Taiwan inayotengenezea wengine chipu, huhama kwa tahadhari. Nanomita 16 ya mwaka 2015 ilileta transista (swichi ndogo za umeme ndani ya chipu) zenye mapezi, yaani zilizosimama wima badala ya kulala bapa, lakini nyaya za shaba zilizo juu yake zilibaki zile zile za nanomita 20. Chipu zikifa, mainjinia wanajua pa kuanzia kutafuta.

Intel, kampuni ya Marekani inayounda chipu zake yenyewe, kwenye nanomita 10 ilirundika mambo: kuchora tabaka moja kwa kugawanya mistari mara nne, metali ya kobalti kwenye nyaya za chini, na miguso ya umeme juu kabisa ya geti, sehemu inayowasha na kuzima transista. Mwaka 2015 ilitangaza kuahirisha hadi 2017. Chipu zikaja kwa wingi 2019.

Hata hivyo ujasiri si kosa. Intel hiyo hiyo ilitoa transista zenye mapezi mwaka 2012, miaka mitatu hivi kabla ya TSMC. Ila mashine za kuchora chipu kwa mwanga zilibaki za aina ile ile; kamari ilikuwa moja. Kwangu, hapo ndipo tofauti ilipo.

Tahadhari nayo ina gharama. TSMC ilipoingiza mwanga mpya wa kuchorea, wa mawimbi ya nanomita 13.5 mwaka 2019, kanuni za usanifu hazikulingana na za nanomita 7 ya kwanza, hivyo mteja alilazimika kusanifu upya. Baadaye ikabidi itolewe nanomita 6 inayokubali michoro ya zamani.

Chipu ya Helio G85, iliyomo kwenye simu nyingi za bei nafuu, ni ya nanomita 12, yaani ile 16 ya mwaka 2015 iliyonolewa tu.