Tamthilia za hospitali na jamaa wa mgonjwa wasiofanya kazi

Tamthilia ya Marekani iitwayo The Pitt, iliyoanza kuonyeshwa Januari 2025 na kutunukiwa Emmy, tuzo kubwa ya televisheni ya Marekani, ya tamthilia bora mwezi Septemba mwaka huohuo, inasifiwa kwa kuionyesha kazi ya idara ya dharura bila ya kuipamba. Msimu wake wa kwanza una sehemu 15, na kila sehemu ni saa moja ya zamu moja katika hospitali ya kubuniwa mjini Pittsburgh. Sina ugomvi na sifa hizo. Lakini mtazamaji wa Mombasa ataona kuna watu ambao, ingawa wamo, hawakupewa kazi yao, nao ni jamaa wa mgonjwa.

Lililo zuri kabisa katika tamthilia hii ni kwamba mgogoro wake mkubwa si maradhi bali ni kitanda. Wagonjwa waliokwisha kulazwa wamekwama katika idara ya dharura kwa sababu wadi za juu hazina wauguzi wa kutosha, chumba cha kungojea kinafurika, na mkuu wa zamu, Daktari Robby, anazozana na msimamizi ambaye hoja yake kubwa ni alama za kuridhika kwa wagonjwa. Anayelipa gharama ya mvutano huo ni muuguzi mkuu Dana, anayepigwa ngumi ya uso na mgonjwa aliyechoka kungoja. Yeyote aliyewahi kukesha kwenye benchi la hospitali ya umma anajua hasira hiyo inavyojijenga, na anajua pia kwamba humwangukia sista, si aliyepanga bajeti.

Jamaa wa wagonjwa wamo katika hadithi, ila kazi yao ni kulia, kuamua na kupewa habari. Kwetu sisi jamaa ni nusu ya hospitali. Ndiye anayekabidhiwa kikaratasi akatafute dawa katika maduka ya nje, arudi na glavu na dripu. Ndiye anayeleta uji kwenye thamosi, anayemgeuza mgonjwa ubavu usiku, na anayeanzisha kundi la WhatsApp la mchango kabla hata majibu ya vipimo hayajatoka. Hospitali Kuu ya Pwani, iliyoko hapa Mombasa, hupokea rufaa kutoka kaunti zote 6 za Pwani, kwa hivyo huenda jamaa huyo ametoka Tana River au Lamu, na mjini hana pa kulala isipokuwa kwa mtu wa ukoo huko Kisauni au Likoni, na huyo wa Likoni kila siku anavuka feri na mkoba wa chakula mkononi.

Tazama suala la damu. Katika The Pitt, majeruhi wa shambulio la risasi wanapojaa, daktari mmoja anatoa damu yake mwenyewe, mfuko ukiwa umefungwa mguuni, huku akiendelea kutibu. Ni onyesho la kusisimua, na pengine ndilo lililonifanya niiandike makala hii, kwa sababu hapa damu ikikosekana huambiwa jamaa alete watu wa kuchangia, naye huanza kupiga simu kwa majirani, kwa wenzake wa kazini na kwa vijana wa msikitini. Hakuna kamera inayomfuata, ilhali muda unaokwisha ni uleule.

Ndiyo maana nina shaka na ushujaa wa daktari mmoja kama nguzo ya hadithi. Ukimtazama Robby kwa saa 15 akiziba kila pengo, ni rahisi kuamini kwamba hospitali inahitaji watu wa moyo tu. Mgomo wa madaktari wa Kenya uliodumu siku 100, kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017, haukutokana na upungufu wa moyo. Ulihusu mkataba wa mishahara na mazingira ya kazi uliotiwa saini mwaka 2013 na kuachwa bila kutekelezwa. Mtunzi anayetaka ukweli angeweza kuandika sehemu nzima katika wadi ambayo daktari hayupo.

Ikiwa mtayarishaji wa hapa Pwani atathubutu siku moja, ningemshauri ampe jamaa nafasi ya mhusika mkuu, na asiishie pale mgonjwa anapopona. Sehemu ngumu kuliko zote ni ile ya ruhusa ya kwenda nyumbani, mgonjwa amekwisha kuvaa nguo zake na bili haijalipwa. Mahakama Kuu iliamua mwaka 2015 kwamba kuwazuia hospitalini akina mama waliojifungua kwa kushindwa kulipa ni kukiuka haki zao, lakini malalamiko ya namna hiyo hayakwisha. Katika sehemu hiyo itabidi keshia awepo, na asifanywe mtu mbaya, kwa sababu naye amepewa orodha ya malipo ambayo hana uwezo wa kuipunguza hata shilingi moja.