Bei ya gari haiko mwisho wa feza

Jamani hii tabia ya wenye kuuzisha magari hapa Goma inanichokesha kabisa, mwanafunzi anafika, wanamuonesha jipu ya kifahari ya zamani, "mudogo yangu, chukua hii", lakini ukiuliza matengenezo, kimya. Ile susipensho yake, ile inabeba gari juu ya magurudumu, mara mingi ni mipira ya kujaa upepo, na sisi tunatembea juu ya mawe ya volkeno, mpira ukitoboka gari inalala upande, pompi ya upepo inazunguka bila kupumzika mpaka inaungua, na piesi lazima uagize mbali. Toyota RAV4 ya zamani piesi unapata hapa hapa! Juzi petit wangu alikuwa ameshika minervali, feza ya masomo, mkononi, tayari kulipa avansi. Nilimuvuta shati, bado amenikasirikia.