Shimo la Eagle Mountain: nani aliandika swali la tathmini?

Jangwani kusini mwa California, kilomita zipatazo 250 mashariki mwa Los Angeles, kuna mgodi wa chuma uliokufa uitwao Eagle Mountain. Kampuni ya Kaiser ilianza kuchimba hapo mwaka 1948, ikawa inapeleka madini kwa reli hadi kiwanda chake cha Fontana, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikafunga kazi. Yakabaki mashimo, reli na mji uliohamwa. Muongo huo haujaisha, likaja pendekezo: treni zirudi, safari hii zikiwa zimebeba taka za Los Angeles na jirani zake, hadi tani 20,000 kwa siku, kwa miaka 117.

Dampo hilo halikujengwa. Mvutano wake ulidumu zaidi ya miaka 20, na kilichoufikisha mwisho ni makosa ndani ya tathmini ya athari kwa mazingira. Naileta habari hii kwa sababu wengi wetu tunaishi karibu na dampo lililojaa, au karibu na mahali ambapo jipya linapangwa.

Waliolitaka dampo walikuwa na hoja za maana. Ardhi yenyewe ilikwisha kutobolewa, hakuna msitu ambao ungekatwa. Mvua ni haba, kwa hiyo maji machafu yanayochuruzika kutoka kwenye taka yangekuwa kidogo kuliko kule kwenye masika ya kweli, na chini yangetandikwa matabaka ya kuyazuia yasizame ardhini. Treni moja ingepunguza malori mengi barabarani. Kaunti ya Riverside, ulipo mgodi huo, ingekusanya ada kwa kila tani. Zaidi ya hayo, Puente Hills, dampo kubwa lililokuwa likimeza taka za Los Angeles, lilikuwa linaelekea kufungwa, na kweli lilifungwa Oktoba 2013. Anayesema taka zisiende jangwani anadaiwa jibu la ziende wapi.

Upande wa pili, jangwa si kiwanja kitupu. Hifadhi ya Taifa ya Joshua Tree inauzunguka mgodi huo pande tatu. Eneo la mgodi lenyewe lilikuwa sehemu ya ardhi iliyohifadhiwa, likamegwa mwaka 1950 ili kupisha uchimbaji. Humo anaishi kobe wa jangwani, ambaye serikali ya Marekani ilimweka katika orodha ya viumbe walio hatarini mwaka 1990. Kobe mchanga ana gamba laini kama ukucha kwa miaka yake ya mwanzo. Kunguru hulidonoa akalitoboa, akala nyama, akaliacha ganda. Jangwani kunguru huwa wachache kwa kuwa chakula na maji ni shida. Ukiwaletea taka za jiji kila siku wataongezeka, na wakishashiba takataka bado kobe wako palepale.

Kuna jambo jingine la kimyakimya zaidi: rutuba. Udongo wa jangwa ni maskini, na mimea ya huko imezoea umaskini huo. Ukimwaga virutubisho mahali kama hapo, kama vile vilivyomo kwenye taka, wanaonufaika ni wageni, yaani magugu na wanyama wanaoandamana na binadamu, na wenyeji hubanwa. Kwa mtu aliyezoea kuiona rutuba kama baraka, hoja hii inaweza kumpita.

Tathmini ya kwanza iliidhinishwa na kaunti mwaka 1992, mahakama ikaikataa. Ikaandikwa nyingine, na mwaka 1999 mahakama ya rufaa ya jimbo ikairidhia. Ila mradi ulihitaji pia kubadilishana ardhi na BLM, idara inayosimamia ardhi ya umma ya serikali kuu: Kaiser ipewe ekari 3,481 kuuzunguka mgodi, nayo itoe viwanja vyake kwingineko jangwani. Wanandoa wakulima wa jojoba, mmea wa mbegu za mafuta, waishio jirani, pamoja na chama cha kutetea hifadhi za taifa, wakaenda mahakamani. Novemba 2009 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tisa, ambayo ni ya serikali kuu, ikawapa ushindi katika mambo matatu makubwa.

Kuhusu rutuba, mahakama ilisema maelezo yalitawanyika huku na huku, hayakujadiliwa mahali pamoja kwa ukamilifu. Kuhusu bei, ardhi ya umma ilithaminiwa bila kuzingatia kwamba ingeweza kutumika kwa dampo, ilhali dampo ndilo lililokuwa sababu ya mabadilishano yote! Hapo nakiri nilisoma mara mbili. Ni sawa na kumuuzia mtu kiwanja cha kituo cha mafuta kwa bei ya konde la mihogo, huku ramani ya kituo iko mezani.

La tatu ndilo zito kwangu. Kila tathmini huanza kwa kutaja lengo la mradi, na lengo ndilo huamua njia mbadala zipi zichunguzwe. Hapa yalitajwa malengo manne. Moja lilihusu mahitaji ya umma ya mahali pa kutupa taka. Mengine yalikuwa haja za kampuni: kupata kipato cha muda mrefu, kupata matumizi ya mabaki ya mgodi, na kuuendeleza mji wake. Malengo yakiwa hayo, ni njia gani mbadala ingepita? Ni dampo la Eagle Mountain peke yake lingeweza kuyatimiza yote. Kesi ya nyani, hakimu ngedere.

Lakini haki itendeke kwa waliolitaka dampo pia. Mahakama hiyohiyo iliona kwamba athari kwa kondoo pori wa milimani zilichunguzwa vya kutosha. Na Jaji Stephen Trott alipinga uamuzi wa wenzake, akilalamikia mchakato usiokwisha. Malalamiko yake yana uzito: mwekezaji anayesubiri miaka 20 anaonewa, na jirani anayeishi na wasiwasi miaka 20 anaonewa vilevile. Tofauti yangu naye ni kuhusu chanzo. Muda ulipotea kwa sababu swali la kwanza, yaani lengo la mradi, liliulizwa vibaya, kisha kila hatua ikajengwa juu yake.

Na mahitaji je? Mamlaka ya taka ya Kaunti ya Los Angeles ilinunua eneo jingine la jangwa, Mesquite, katika Kaunti ya Imperial, kwa mpango wa aina hiyohiyo wa treni. Lilitayarishwa, likakaa bila kazi, kwa kuwa taka zilipungua kuliko ilivyotabiriwa. Hata hivyo hazikuisha. Majirani wa dampo la Sunshine Canyon wamelalamikia harufu kwa miaka, na katika dampo la Chiquita Canyon joto la kemikali chini ya ardhi liliwasumbua wakazi hadi likaacha kupokea taka mwishoni mwa 2024. Kobe wa Eagle Mountain wamenusurika. Hao wanaoishi karibu na miji wanastahili kuhesabiwa pia.

Kenya na Tanzania, sheria inamtaka mwenye mradi agharimie tathmini mwenyewe. Mshauri elekezi huandaa hadidu za rejea, yaani karatasi inayoeleza tathmini itachunguza nini, na humo ndimo lengo la mradi na njia mbadala zinapoandikwa, mara nyingi kabla ya mkutano wa wananchi kuitwa chini ya mwembe. Mkisikia dampo linakuja kwenu, ombeni karatasi hiyo mapema, mtazame mstari wa lengo: kama jina la kiwanja limeshaandikwa humo, pingeni hapo hapo, kwa maandishi, na mbaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.